Siku nane za mkate Unguja

Niliposhuka botini nilimuuliza kijana aliyenipokea begi, hapa panaitwaje. Akaniambia, "Malindi." Nilikuwa njiani siku tatu: basi la usiku kutoka Nakuru hadi Mombasa, basi jingine kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga na Dar es Salaam, halafu boti, karibu saa mbili juu ya maji. Pasipoti imegongwa muhuri, nchi nimevuka, bahari nimevuka, na mtu ananiambia niko Malindi. Kesho yake asubuhi nikasimama Darajani, utingo wa daladala akawa anaita kwa sauti yake yote, "Mombasa! Mombasa!" na watu wanapanda na vikapu vyao. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Malindi ya Unguja ni mtaa wa bandarini, na Mombasa ni mtaa wa Ng'ambo. Nilihama, kumbe majina yalikuwa yamenitangulia.

Mimi ni mwokaji. Kwa miaka 11 nimeoka katika duka kubwa moja la Nakuru, na kitu ninachokijua kwa mikono yangu ni mkate wa pembe nne: gramu 400, mweupe, unakatwa vipande na mashine, unatiwa mfukoni. Tulitoa mamia kila usiku. Ukinitajia mkate, huo ndio ulionijia akilini, na nadhani Wakenya wengi wa bara tuko hivyo. Mwaka jana hoteli ndogo ya Shangani ikawa inatafuta mwokaji, rafiki yangu akanifikishia habari, nikaomba, nikapata. Mwajiri alinishauri nije wiki moja kabla ya kazi ili niuzoee mji. Sijawahi kupewa ushauri mzuri kama huo kazini. Nilifika Alhamisi tarehe 8 Januari, kazi ikaanza Alhamisi iliyofuata, na nataka kuziandika zile siku za katikati kabla hazijachanganyika na hizi za sasa.

Chumba changu kiko Michenzani, ghorofa ya nne, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yamenyooka kama yamepigiwa rula, yamepangwa kando ya barabara pana zinazokutana kwenye mzunguko mmoja mkubwa. Mama mwenye nyumba alizaliwa papa hapa, katika nyumba ya udongo iliyokuwapo kabla. Ikabomolewa, wakapewa fleti. "Mama yangu alilia siku ya kubomolewa," aliniambia, "na akalia tena siku ya kupewa ufunguo." Alinipeleka kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kuniandikisha, akanifundisha kuingiza namba za Tukuza kwenye mita ya umeme, akanipa kanga ya kujitanda nikitoka. Nikamshukuru kwa leso. "Kanga, mwanangu," akasema, akanisogezea pindo nisome jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa.

Jirani yangu wa mlango wa pili, msichana wa rika langu, alinigongea asubuhi ile ya kwanza. "Hodi! Shoga, ushakunywa chai?" Niliganda mlangoni. Kwetu neno shoga lina maana nyingine kabisa, na mtu hulitamka kwa kumtukana mwenzake. Hapa mwanamke humwita hivyo rafiki yake mwanamke, na msichana yule alinipa urafiki kabla hata ya kuniuliza jina. Na kunywa chai, nilikuja kuelewa, si kikombe cha chai. Ni kula asubuhi, chai na vyote vinavyofuatana nayo. Kwa hiyo alichoniuliza ni kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Hapo ndipo nilipouona boflo.

Kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri, adhana ya alfajiri imekwisha muda si mrefu, na chini barabarani kulikuwa na baiskeli yenye tenga nyuma limefunikwa kwa nailoni. Watu walikuwa wanashuka ngazi na vikapu, wengine wakiwa bado na nguo za kulalia chini ya kanga. Boflo ni mkate mrefu mwembamba, unatosha mkononi, ganda lake ni jembamba na linavunjika ukiliminya. Nilinunua minne kwa ajili ya watu wawili, shoga yangu akashangaa. Nilimega mmoja papo hapo nikaunusa kama ninavyofanya kazini. Unga, maji, chumvi, hamira, sukari kidogo tu, basi. Haukutiwa dawa ya kuufanya ukae wiki nzima. Mkate huu umeokwa usiku uliwe asubuhi, na anayeuoka anajua kwamba kesho atauoka tena. Tuliula na chai ya tangawizi na maharage ya nazi. Nilikula kimya, na shoga yangu akadhani siupendi.

Sasa niseme habari ya kupotea, kwa sababu nilipotea sana.

Nakuru hupotei. Menengai iko kaskazini, ziwa liko kusini, barabara zimenyooka, na ukiwa popote mjini ukiinua macho unajua umeelekea wapi. Nimekulia katika mji wa namna hiyo na sikujua kwamba nautegemea mlima kiasi hicho mpaka nilipoingia Mji Mkongwe. Kule ukiinua macho unaona utepe wa mbingu na nguo zimeanikwa. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimekaribiana kiasi kwamba ukinyoosha mikono miwili unakaribia kugusa kuta zote mbili. Ijumaa nilitoka Darajani nikiwa na nia ya kwenda Shangani kuiona hoteli nitakayofanyia kazi, mwendo ambao sasa najua hauzidi robo saa. Nilitembea saa nzima na nusu. Niliupita mlango mmoja wenye misumari ya shaba mara tatu, na mara ya tatu paka aliyelala kizingitini alikuwa ameshanizoea.

Katika njia panda moja walikuwa wamekaa wazee barazani, mtu wa kahawa yupo na dele lake la shaba juu ya makaa, wawili wanacheza dhumna. Ninapajua sasa, pale watu wanapaita Jaws Corner, na ni mahali mashuhuri kwa kahawa na mazungumzo ya siasa. Nikawakimbilia. "Samahani, Shangani ni wapi?"

Mzee mmoja akaniangalia kwa upole. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

"Umeamkaje? Habari za huko utokako?"

Nikaona aibu. Nikarudi nyuma nikaanza upya, nikawaamkia wote mmoja mmoja, shikamoo nne na marahaba nne. Nikapewa kikombe kidogo kisicho na mkono, kahawa chungu yenye tangawizi, na kipande cha kashata. Ndipo nikaambiwa njia. Mzee hakunielekeza kulia wala kushoto. Alisema, "Mji huu ni kama ulimi, umeingia baharini. Ukitembea ukachoka, ama utatokea baharini ama utatokea Darajani. Hapana pa tatu. Basi unaogopa nini?"

Nikamwambia mimi ni mwokaji mikate na nataka kuujua mji kabla ya kazi. Wote wakanyamaza, halafu wakaanza kusema kwa pamoja. Umeshakula mkate wa ufuta? Wa kumimina je? Wa ajemi? Nenda Kajificheni jioni. Nenda Mlandege. Hapana, ule wa Mlandege siku hizi si kama zamani. Wazee wanne walibishana juu ya mkate kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa, na nilikuwa nasikia lugha niliyoizungumza maisha yangu yote ikitaja kazi yangu ya miaka 11 kwa majina nisiyoyajua. Sijui kama nimelieleza vizuri. Nilidhani mkate ni kitu kimoja. Kumbe neno hilo ni nyumba kubwa, na mimi nilikuwa nimeishi varandani tu.

Tangu hapo niliacha kutafuta mitaa, nikawa natafuta mikate. Mitaa ikaja yenyewe.

Wa ajemi niliupata siku ileile kabla ya sala ya Ijumaa: wa duara, mpana kama sahani, umefungwa katika gazeti na bado unachoma vidole. Ajemi ni Uajemi, na mkono uliouleta huku ulivuka bahari na pepo za kaskazi kama hizi zinazovuma sasa. Niliula nimekaa juu ya baraza ya mtu, na mwenye baraza akanitolea maji.

Jumamosi nilishinda Darajani. Soko lile lilijengwa mwaka 1904, na ukiingia upande wa samaki wakati wa mnada lazima uwe na moyo. Jodari wamelazwa sakafuni, pweza wametundikwa, mnadi anapaza bei na huoni nani amekubali, ila ghafla samaki amepata mwenyewe. Sikukaa sana huko. Nilikwenda kwenye mboga kununua vya kupika, nikaomba nyanya nusu kilo. Muuzaji akanyoosha mkono juu ya nyanya zenyewe akasema, "Tungule?" Nikasema nyanya. Akasema ndiyo, tungule. Viazi vikawa mbatata. Kitunguu saumu kikawa thomu. Nilipoomba hoho akanipa pilipili kali, nikamrudishia nikamwonyesha ile kubwa isiyowasha, akasema hiyo ni pilipili boga, na akanifanya niirudie mpaka nikaisema sawasawa. Nyuma yangu foleni ilikuwa inasubiri na hakuna aliyenuna.

Nilikuwa mwanafunzi mzuri wa Kiswahili shuleni. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba Kiswahili sanifu kimetokana na Kiunguja, kwamba mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokichagua. Kwa hiyo lugha ya vitabu vyangu vyote ilitoka hapa, mitaa hii. Ila vitabu vilibeba sarufi vikaacha sokoni tungule na mbatata. Nilibeba kikapu changu nikirudi Michenzani huku nikiyasema maneno yale kimoyomoyo, moja kwa kila hatua.

Jioni nilikwenda Kajificheni. Jina tu la mtaa linakufanya upunguze mwendo, kana kwamba kuna mtu mbele amekutaka ukajifiche. Niliuliza mara mbili, kwa salamu kamili, na mara ya pili harufu ilinijibu kabla ya mtu.

Bibi amekaa juu ya kibao, jiko la makaa mbele yake, kushoto bakuli kubwa la unga uliokandwa kwa tui la nazi, kulia kisahani cha ufuta. Sitataja jina lake hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa. Anachota donge kwa mkono uliolowa maji, analibandika katika chungu kipana, analitandaza kwa vidole mpaka likafika kingoni. Chungu kikishapata moto chini, mkate ukashika, ananyunyiza ufuta. Halafu anafanya jambo ambalo nililitazama mara ya kwanza kwa mikono miwili mdomoni: anakishika chungu na kitambaa, anakipindua chote, mdomo ukatazama makaa. Mkate unaning'inia kichwa chini juu ya moto na hauanguki. Unaiva juu kwa moto uleule ulioivisha chini. Ufuta unalia kidogo kidogo, unabadilika rangi. Anakigeuza, anaung'oa kwa kisu, anaupaka samli, anakupa.

Nina vyeti viwili vya uokaji. Nimefanya kazi na oveni ya umeme yenye vyumba vitatu na saa ya kuhesabu. Bibi huyu ana moto mmoja wa makaa na anapata joto la juu na la chini, na anajua wakati kwa kusikiliza. Nilimwamkia, nikamweleza mimi nani, nikamwomba anifundishe.

"Wewe tazama tu," akasema.

Nikatazama. Jumamosi nilitazama mikate 14. Alikuwa akizungumza na wateja, akitania watoto, akimwitikia kila apitaye, na mkono wake haukukosea hata mara moja. Maji ya kulowesha mkono yana chumvi, hilo nililiona mwenyewe. Unga ni laini kuliko ule ambao ningethubutu kuukanda mimi, karibu uwe uji, na nadhani siri ya kushika iko hapo: unga mkavu usingelishika chungu. Aliyenunua hakuondoka bila kuambiwa karibu, na aliyepita bila kununua akaambiwa karibu vilevile.

Jumapili nilikwenda kanisani Mkunazini. Nimelelewa Kianglikana na nilitaka kuanza mwaka kanisani. Kanisa Kuu lile limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo msingi wa kanisa ukawekwa. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni panapoonyesha ulipokuwa mti wa kuwafungia watu na kuwachapa. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye pia aliandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, amezikwa nyuma ya altare. Nilijua hayo kabla ya kwenda. Sikujua yatakavyokuwa kukaa pale na watu wa kawaida, watoto wakisinzia, mama mmoja akinipepea na kitabu cha nyimbo kwa sababu aliona natoka jasho. Niliomba, nikashindwa kuimba wimbo wa mwisho. Siwezi kuliandika zaidi ya hapo.

Niliporudi nyumbani mama mwenye nyumba alikuwa ameroweka mchele. Kesho yake ilikuwa tarehe 12, sikukuu ya Mapinduzi, na alikuwa anatarajia wageni kutoka shamba. (Shamba hapa ni popote nje ya mji, hata kama huko kuna maduka na lami.) Nikauliza kama mchele ni wa pilau. "Ni wa mkate," akasema. Nilikaa chini jikoni na sikuondoka tena.

Mkate wa kumimina haukandwi. Mchele uliolowa unasagwa na tui zito mpaka hakuna chembe, unatiwa hamira na iliki, unafunikwa, unaachwa uumuke. Mimi nilikuwa nafunua kifuniko kila baada ya dakika kumi na mama ananifukuza. Sukari inaingia baadaye. Tuliumimina saa tano usiku katika sufuria iliyopakwa samli, makaa machache chini. Ukikaa karibu unasikia vitundu vinapasuka. Vilipotokea juu yote, mama akahamisha makaa mengi juu ya kifuniko, akaacha kidogo tu chini. Moto wa juu na wa chini, tena! Kila mtu mjini hapa ana njia yake ya kuupata moto wa juu.

Saa sita usiku fataki zikaanza. Sikuwa nimeambiwa, nikaruka. Mama akanishika mkono tukatoka kwenye baraza ya ghorofa, na majumba yote marefu yalikuwa na watu wamejipanga barazani kuanzia chini mpaka juu, nyuso zinawaka nyekundu na kijani. Shoga yangu alikuwa amembeba mwanawe. Mama hakusema kitu mpaka zilipokwisha. Kisha akasema, "Mkate!" tukakimbia ndani.

Haukuungua. Juu ulikuwa wa rangi ya asali, ndani una vitundu kama sega la nyuki, na ukiubonyeza unarudi. Unga wa ngano unanyumbulika kwa sababu ya ule unato wake, na nilifundishwa kwamba pasipo unato hakuna mkate wa kuumuka. Mchele hauna unato huo kabisa. Na mkate huu umeumuka. Nimelifikiria jambo hili usiku kadhaa: tui zito ndilo linaloshika hewa? Au ni huko kusagwa mpaka ukawa kama krimu? Bado najaribu.

Jumatatu na Jumanne zilikuwa za wageni na za kuosha vyombo, na nilizipenda. Jumatano jioni nilifika Forodhani kwa miguu kutoka Michenzani bila kumuuliza mtu yeyote, nikapita Beit al-Ajaib, ile nyumba ya Sultani Barghash ya 1883 ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Inahuzunisha kuitazama. Mbele yake, ukingoni mwa ukuta wa bahari, wavulana walikuwa wanakimbia na kujirusha majini mmoja baada ya mwingine, maji yamejaa mpaka juu. Nilikula urojo, bakuli zima, kachori na bajia na mbatata ndani ya ule mchuzi mchachu wa manjano. Wanauza pia kitu wanachokiita pizza ya Zanzibar. Nilimtazama kijana akiuvuta unga ukawa mwembamba kama karatasi, akatia nyama na yai, akaukunja. Huyo ni ndugu wa mkate mayai wa Mombasa, ya Kenya. Nilimwambia hivyo, akafurahi, akaniongezea yai.

Alhamisi ikafika. Saa tisa usiku nilikuwa jikoni Shangani, aproni mpya, unga kilo 10, hamira gramu 100, vipimo ambavyo ningeviandika hata nikiwa usingizini. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Donge langu huchukua saa moja na nusu kuumuka. Nikalifunika, nikaenda kupanga vyombo. Dakika 40 baadaye nilikuta limepanda, limefurika, limeanza kushuka, linanuka uchachu. Unga wa kilo 10. Nilisimama mbele yake nikahisi machozi.

Mpishi mkuu, mtu mzima kutoka Wete, hakuniuliza kitu. Aligusa donge, akagusa bomba la maji, akanishika mkono akaniwekea pale bombani nihisi. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, saa tisa usiku. Joto la kaskazi halilali. Akafungua friza akatoa mfuko wa barafu.

"Hamira punguza nusu," akasema. "Maji tia barafu. Na usiende mbali, dada. Hapa unga hausubiri mtu."

Tulianza upya. Donge lilitoka mashineni likiwa nyuzi 26, nikalikalia kama mtoto mgonjwa. Saa kumi na mbili na nusu mikate ilikuwa mezani. Kazi ilipokwisha nilichukua mmoja, nikaufunga katika kanga, nikalala kidogo, na saa kumi jioni nikaenda Kajificheni. Sikupotea.

Nilimpa bibi mkate wangu kwa mikono miwili. Aliumega, akautazama ndani, akautafuna taratibu kwa muda mrefu.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ndiyo, bibi."

Akala kipande cha pili. Halafu akajisogeza kidogo juu ya kibao chake, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Chungu kilikuwa motoni, mkate umeshika, ufuta umeshanyunyizwa. Akanipa kitambaa.

"Haya, pindua."

Nikakishika chungu, nikakipindua juu ya makaa. Sote wawili tukainama kuutazama kwa chini.